Siku Kumi na Tatu za Kumumunya

Jumatatu, 3 Machi

Leo nimeamka na bahati. Naiandika mapema kabla haijaniponyoka.

Asubuhi Mama Mhariri ametukusanya sisi wakusanyaji wote sita na kutangaza kwamba herufi M imekwisha. Miezi kumi na moja ya M! Kila neno limepata maana na kila maana imepata mfano, isipokuwa neno moja tu: kumumunya. Maana yake tunayo: kula kitu polepole mdomoni, bila haraka ya kutafuna, mpaka utamu uishe wenyewe. Tunachokosa ni sentensi. Na neno lenyewe limekaa katikati kabisa ya ukurasa wa sampuli, ule unaochapishwa kila herufi inapokamilika. Mwisho wa kuleta kadi ni Ijumaa ijayo, tarehe kumi na nne.

Sheria ya kamusi yetu haijabadilika. Sentensi haitoki kichwani mwa mtu wa ofisini. Lazima iwe imetoka kinywani mwa mtu wa kawaida, akiwa kwenye shughuli zake, bila kuombwa. Wewe unaisikia, unaiandika kwenye kadi: nani kasema, wapi, akifanya nini. Na kwenye ukurasa wa sampuli, chini ya sentensi, kwa herufi ndogo, huwekwa jina la aliyeisikia.

Nina miaka kumi na moja hapa. Jina langu halijawahi kuwekwa chini ya kitu chochote, labda orodha ya waliochelewa.

Kijiko ana miaka minne tu. Jina lake limetoka mara tano. Tano! Tena jina kamili, lake na la baba yake na la babu yake, kana kwamba na babu alikuja kazini. Tunamwita Kijiko kwa sababu ya kijiko chake kidogo anachokileta kutoka nyumbani kimefungwa kwenye leso. Anakoroga chai kwa muda ambao mtu mwingine angekuwa ameshaioga. Wakati wa chakula anakula chungwa moja. Moja, saa nzima. Mimi huwa nimeshakula, nimenawa, nimerudi mezani, nimekaa namchukia, na yeye bado yuko kwenye ganda.

Nyumbani hali si nzuri vilevile. Mama mkwe yuko kwetu tangu wiki iliyopita. Meno yake ya mwisho yameng'olewa na anasubiri ya bandia. Jioni aliomba aone kazi ya mkwe wake. Nikamletea kurasa za sampuli, kwa kiburi, nikisahau kwamba macho yake hayajang'olewa. Akazipitia zote kwa kidole. Akauliza jina langu liko wapi. Nikasema kazi yangu ni ya chinichini. Akaendelea kupitia. Mwisho akauliza huyu mtu aliyeandikwa mara tano ni nani, maana anaonekana ana akili.

Nimekwenda kulala na njaa kwa hiari yangu. Sentensi hii ni yangu. Nitaipata hata kama italazimu kuitoa mtu mdomoni kwa koleo.


Jumanne, 4 Machi

Nimeanza mapema. Penye nia pana njia.

Kwanza, fundi viatu wa pembeni mwa ofisi. Nikasimama mbele yake nikiwa na kadi na kalamu. Kumbe alikuwa ameshika misumari kwa midomo. Nikamuuliza anapenda kula nini polepole. Akanitazama. Nikamuuliza tena, safari hii nikiigiza kwa mashavu. Akatema misumari yote mkononi, mmojammoja, akauliza kama nimeleta kiatu au nimeleta mashavu. Nimeandika hiyo, lakini neno letu halimo.

Pili, kinyozi. Nikanyolewa bila kuhitaji. Akaongea mpira mwanzo hadi mwisho.

Tatu, muuza matunda. Huyu nikaona nisizunguke. Nikamwambia moja kwa moja: dada, hebu niambie chochote chenye neno kumumunya. Akasema, "Nunua kwanza, ukamumunye mbele huko." Nusura nimkumbatie! Nikanunua mapapai manne yaliyoiva mpaka yanalia, nikakimbia ofisini.

Mama Mhariri akaisoma kadi. Akauliza kama mwenye matunda alilitumia neno hilo mwenyewe au nilimpa mimi. Sijui kwa nini nilisema kweli. Labda ni papai lililokuwa likinichuruzikia mkononi. Akairudisha kadi. Akasema neno lililoombwa ni kama salamu ya kulazimishwa, halina moyo.

Kijiko hakutoka ofisini siku nzima. Alikuwa akikoroga. Mtu mwenye hofu hakorogi hivyo. Ana kitu. Lazima ana kitu!


Jumatano, 5 Machi

Mjinga mimi. Mjinga mkubwa!

Ninahangaika na mafundi viatu mitaani, wakati nyumbani kwangu, kwenye kochi langu, amekaa bibi asiye na jino hata moja. Mtu ambaye kwa wiki nzima hana njia nyingine ya kula isipokuwa kumumunya. Kama kuna mtu duniani ambaye neno hilo litamtoka lenyewe, ni yeye.

Jioni nimerudi na paketi mbili za biskuti laini. Nikamkaribisha kwa mikono miwili. Nikakaa mbele yake, kadi imefichwa ndani ya gazeti, nikasubiri.

Alichukua biskuti moja. Akaigeuza. Akaivunja kipande kidogo, akakiweka mdomoni, akafumba macho. Mashavu yakawa yanaingia na kutoka taratibu. Dakika ishirini kwa biskuti moja, nimepima kwa saa. Mimi katika muda huohuo nimekula saba, kwa wasiwasi tu. Alipofumbua macho nikainua kalamu. Akasema, "Alhamdulillahi."

Neno zuri, lakini si la herufi M.

Mke wangu amenivuta jikoni. Alitaka kujua nimefanya kosa gani. Nikasema sijafanya kosa. Akasema miaka tisa ya ndoa sijawahi kumuuliza mama yake hata kama amelala salama, leo namletea biskuti na kumkodolea macho anavyokula. Nikasema mkwe ni mzazi. Akasema sawa, lakini kosa likijulikana, afadhali alisikie kwangu kuliko kwa majirani.


Ijumaa, 7 Machi

Paketi ya tano ya biskuti. Mama mkwe amesema "asante", "Mungu akuzidishie" na "hizi za leo zina sukari nyingi". Kumumunya hakuna. Anakifanya kitendo kutwa, kukitaja hataki.

Kijiko leo ametoka. Nimemfuata kwa mbali, nikijificha nyuma ya gazeti lilelile. Ameenda kwa mshona nguo wa barabara ya pili. Hakutoa kadi. Hakuuliza kitu. Amekaa kwenye benchi la wateja, akampokea yule mama uzi, akamsaidia kushika kitambaa, akasikiliza habari za cherehani iliyoharibika. Saa nzima! Nimesimama juani mpaka nimeiva. Alipotoka, yule mama akamsindikiza hadi mlangoni na kumwambia asipotee. Mimi fundi viatu wangu ananiona anageuka upande.

Ofisini akaandika kitu kwenye kadi, akaiweka droo ya juu, akaenda kuosha kijiko. Sikukusudia kuifungua droo ile. Mkono ulikusudia.

Kadi ilisema hivi: "Mshona nguo. Hajalitumia neno. Alikuwa na huzuni kidogo. Nitarudi kumsalimu."

Nikacheka kimoyomoyo. Hana kitu! Mikono mitupu kama mimi! Halafu nikaisoma mara ya pili na furaha ikaniisha. Mwandiko wake mzuri. Hata kushindwa anakuandika vizuri. Mimi kadi zangu Mama Mhariri huzigeuza juu chini kutafuta mwanzo uko wapi.


Jumamosi, 8 Machi

Nimeamua.

Sheria inasema sentensi isemwe na mtu wa kawaida. Mama mkwe ni mtu wa kawaida. Angeisema tu, leo au kesho. Mimi namsaidia kuiwahisha. Kuna ubaya gani kumwandikia mzee jambo ambalo alikuwa yuko njiani kulisema?

Nimeandika kwa dakika nne, nikiwa nimesimama, chai mkono wa kushoto:

"Hakika, enyi wanangu, hakuna starehe ipitayo kumumunya biskuti jioni tulivu, upepo mwanana ukinibembeleza mashavu." Msemaji: mama mkwe. Mahali: nyumbani kwangu. Shughuli: kula biskuti.

Nimeisoma kwa sauti bafuni. Nimetokwa na machozi. Kijiko hatafika hapa hata akikoroga mpaka kikombe kitoboke.


Jumatatu, 10 Machi

Nimekabidhi kadi saa mbili kamili. Mama Mhariri ameisoma, akavua miwani, akaifuta, akaivaa, akaisoma tena. Nikajua imemgusa.

Akauliza kama mkwe wangu huongea hivi kila siku. Nikasema hivi ni siku za kawaida, siku akifurahi huongea vizuri zaidi. Akauliza hao wanangu aliokuwa akiwaambia ni akina nani, maana kadi haikutaja mtu mwingine nyumbani. Nikasema ni desturi yake kuhesabu na wasiokuwepo.

Akasema vizuri. Basi itabaki kuthibitisha tu. Sentensi ya ukurasa wa sampuli, kanuni ndogo ya mwisho, lazima mkusanyaji wa pili aende kumsikia msemaji. Kanuni hiyo sikuwa naijua kwa sababu sijawahi kufika hatua hiyo. Akatazama chumba kizima, akaita jina. Sihitaji kuandika jina la nani.

Kijiko akaja mezani kwangu, akanipa mkono, akaniambia sentensi ni ya aina yake. Akauliza mama anapenda nini, asiende mikono mitupu. Nimemwambia hapendi kitu. Moyoni nikawa nasema: kesho huyu mtu atakaa kwenye kochi langu.

Jioni nimeanza mafunzo. Nimemweleza mama mkwe kwamba kesho atakuja mgeni wa ofisini, na kwa heshima ya familia aseme maneno machache niliyoyaandika kwenye karatasi. Akakubali haraka. Alisema kwa biskuti zote hizi hawezi kuninyima maneno. Tumerudia mara kumi na nne. Kila tukifika "mwanana" anasimama kuuliza mwana wa nani. Bila meno, "starehe ipitayo" inatoka kama maji yanayochuruzika kwenye bomba bovu. Mara ya kumi na tano akalala katikati ya sentensi.

Mke wangu alikuwa mlangoni ameegemea. Sasa amelijua kosa, na amesema angependelea lingekuwa la kawaida.


Jumanne, 11 Machi

Siwezi kuandika. Lakini nisipoandika nitapasuka.

Kijiko alifika saa kumi na moja jioni. Amevaa shati lililopigwa pasi hadi ndani ya mifuko. Mkononi machungwa mawili na kile kijiko kwenye leso. Akavua viatu, akamwamkia mama mkwe kwa adabu zote, akakaa chini kidogo ya kiti chake badala ya kukaa kwenye kochi. Ujanja huo! Mimi nimekaa juu ya kochi hilo miaka tisa na hakuna aliyewahi kunionyesha kwamba kuna kukaa chini kidogo.

Akamenya chungwa. Si kumenya kwa kawaida. Alitoa ganda lote bila kukatika, kisha nyuzi nyeupe, kisha akavua kile kingozi chembamba cha kila kipande, mpaka kikabaki kile kiini laini kinachong'aa, akakiweka kwenye kijiko akamkabidhi. Mama mkwe akakipokea. Akafumba macho. Nikakohoa.

Nikasema, "Mama, na biskuti je?" Akasema biskuti zimemchosha, apumzike nazo.

Basi wakaanza kuongea. Kijiko hakuuliza neno. Aliuliza alilelewa wapi, na marehemu mumewe alikuwa mtu wa namna gani. Sasa mambo yaliyotoka hapo! Kumbe marehemu baba mkwe alikuwa fundi wa saa. Kumbe alikuwa akirudi nyumbani na saa za watu mifukoni, zote zinalia, na watoto wanamjua yuko karibu kwa mlio. Mke wangu akatoka jikoni akakaa, akaanza kucheka na kufuta macho. Miaka tisa! Mimi nilijua baba mkwe alikuwa marehemu, basi. Sikujua alikuwa na kazi.

Halafu mama mkwe akamwita "mwanangu". Kijiko. Mwanangu! Mimi huniita "mkwe", na siku nyingine "wewe bwana". Nasema wazi, nilimwonea wivu mtu kwa sababu ya bibi ambaye wiki mbili zilizopita nilikuwa nahesabu siku za kuondoka kwake.

Nikaona nikinyamaza nimekwisha. Nikasimama mlangoni, nyuma ya Kijiko, nikaanza kumwonyesha mama mkwe kwa ishara: jioni, upepo, mashavu. Akawa ananiangalia. Nikaongeza nguvu. Nikapepea kwa mikono. Mwisho nikasema kwa sauti, "Mama, si ulikuwa na jambo la kusema kuhusu jioni tulivu?"

Mama mkwe akatabasamu kwa ufizi. Akamgeukia Kijiko akamwambia, taratibu, kama mtu anayemsifia mtoto mtundu:

"Huyu mkwe wangu ana moyo mzuri, ila hajui kumumunya kitu. Hata furaha huimeza nzima, halafu akauliza iko wapi."

Mimi ndiye niliyecheka wa kwanza. Nilicheka kweli, nikapiga na goti, kabla sijaelewa anayesemwa ni nani. Mke wangu alirudi jikoni mbio na huko nikasikia ameshika sinki.

Kijiko hakucheka. Aliniangalia kwa huruma, jambo ambalo sitamsamehe. Kisha akaomba ruhusa kwa mama mkwe, akatoa kadi, akaiweka gotini, akaandika. Kwa ule mwandiko.


Alhamisi, 13 Machi

Siku mbili za mapambano. Naandika kwa ufupi.

Jana nimekwenda kwa Mama Mhariri. Nimemweleza kwamba sentensi ya Kijiko inamdhalilisha mtu aliye hai. Akauliza mtu gani. Nikaona mtego, nikasema mtu yeyote mwenye mkwe. Nikapendekeza badala ya "mkwe wangu" iwekwe "jirani yangu". Akasema maneno ni mali ya msemaji, ni yeye tu awezaye kuyabadili. Nikauliza kadi yangu mimi iko wapi. Akafungua kabati, akatoa faili nene iliyofungwa kwa kamba. Juu imeandikwa: Sentensi Ambazo Hakuna Mtu Aliyewahi Kuzisema. Ndani zote ni zangu. Akasema kwa upole kwamba huwa anazisoma akiwa na siku mbaya, na humsaidia. Kisha akaacha upole, akasema kumtungia mama mkwe wa mtu maneno ni kosa, nisirudie. Nimeitikia. Mke wangu hana mama mwingine, nitarudiaje?

Leo nimemwomba mama mkwe aibadili sentensi. Kwanza sikumtambua. Amepata meno! Safu mbili, meupe, anaonekana mtu aliyepewa cheo. Akasema hawezi kubadili, kilichotoka kimetoka. Nikamuuliza, lakini kwa nini uniseme hivyo? Hakukasirika. Akasema siku ya harusi yetu, nilikula sahani yangu nikamaliza, nikasimama kuuliza gari la kurudi linaondoka saa ngapi, bibi harusi bado ananawa. Akasema watu wote walicheka, yeye alinionea huruma. Akadhani nimefundishwa hivyo na njaa, akasubiri nishibe. Miaka tisa anasubiri.

Hiyo ilinipata. Nakiri.

Akasema kwa kuwa meno yamefika, Jumamosi asubuhi anarudi kwake. Akaniomba kitu kimoja: nikae naye kidogo, bila biskuti, bila gazeti. Nikakaa. Tulitazama dirishani. Palikuwa na nguo kwenye kamba na paka juu ya ukuta. Mama mkwe alinishika mkono. Nikahisi vizuri sana, kweli. Nikafikiri: hivi ndivyo Kijiko anavyofanya!

Na hapo wazo likanijia. Sentensi ilisemwa wapi? Nyumbani kwangu. Aliichochea nani? Mimi, mlangoni, kwa mikono. Inamhusu nani? Basi kwa haki yote, aliyeisikia ni mimi pia! Nilikuwepo! Nilicheka wa kwanza! Nikaruka kwenda kuandika barua ya madai. Nimeangalia saa, nilikuwa nimekaa dakika nne.


Ijumaa, 14 Machi

Imechaguliwa. Sentensi ya mama mkwe, neno kwa neno.

Nilikuwa na barua yangu mfukoni, kurasa tatu. Kabla sijaitoa, Kijiko akanyoosha mkono. Akasema angependa majina yawekwe mawili. Akasema yeye aliandika tu, lakini bila mkwe mwenyewe, maneno yale yasingesemwa. Wenzangu wote wakageuka kunitazama. Mama Mhariri akafikiri, akakubali. Ukurasa utatoka kiwandani kesho asubuhi.

Nimerudi nyumbani ninapaa. Nimemwambia mama mkwe jina langu linatoka! Miaka kumi na moja! Akapiga vigelegele na yale meno mapya, yakasogea kidogo, akayarudisha, akaendelea. Akasema basi rudi na ukurasa kabla ya saa nne, basi lake linaondoka saa tano, anataka aliguse jina kwa kidole chake. Mke wangu amenishika shingoni, akaniambia leo nimependeza. Nimeahidi. Saa tatu na nusu nitakuwa hapa.


Jumamosi, 15 Machi

Saa mbili na nusu nilikuwa kiwandani. Mpiga chapa akanipa nakala ya kwanza kabisa, bado ina joto. Nikaifungua. Katikati ya ukurasa, kumumunya. Chini yake, sentensi. Chini ya sentensi, kwa herufi ndogo, jina langu!

Lipo. Nimeliona kwa macho yangu. Lilikuwa zuri.

Kisha nikaona kwamba jina la Kijiko limetangulia.

Nikamuuliza mpiga chapa kwa utaratibu gani. Kwa umri? Mimi mkubwa. Kwa miaka ya kazi? Mimi. Kwa alfabeti? Mimi, hata kwa alfabeti! Akasema yeye anachapa alicholetewa. Nikaenda ofisini kumtafuta Mama Mhariri, Jumamosi, nikamsubiri kwenye ngazi. Alipokuja akasema hakukuwa na sababu yoyote. Nikasema kama hakuna sababu basi ibadilishwe. Akasema nakala elfu mbili zimeshachapwa. Nikamwomba apime, kwa rula, kwani niliona la Kijiko limechukua nafasi ndefu zaidi. Akasema ni kwa sababu lina babu. Nikasema hata mimi nina babu! Hapo akaangalia saa yake, na mimi nikaangalia yangu. Saa tano kasorobo.

Nimekimbia. Nimekimbia kweli, na ukurasa kifuani. Kituoni basi lilikuwa limeshaondoka. Mke wangu alikuwa amekaa peke yake kwenye benchi. Alisema mama alisubiri mlangoni tangu saa tatu, amevaa, mfuko miguuni. Saa nne na nusu alipita Kijiko, alikuwa amemletea nakala moja, akabeba mfuko. Walitembea naye hadi kituoni. Mama aliupata ukurasa, akaliwekea kidole jina langu, akasema: kumbe mkwe wangu ndiye huyu. Akakaa nalo hivyo muda mrefu, kidole hakiondoki, mpaka konda alipomwita.

Nikamuuliza mke wangu mama alianza kugusa jina lipi. Amekwenda nyumbani kwa miguu, nami nyuma yake, na mpaka sasa hajasema kitu.

Nilitaka kukaa nifikiri juu ya mambo haya yote kwa makini, na nilikuwa nimeshakaa. Lakini mfukoni nikakuta karatasi aliyonipa Mama Mhariri pale ngazini, ambayo sikuwa nimeisoma. Ni mgawanyo wa herufi zilizobaki. Mimi nimepewa U. Kijiko amepewa W.

W yote. Maana yake neno wivu ni lake! Ataliandika yeye, mtu ambaye hajawahi kumwonea mtu yeyote wivu hata siku moja. Atalijulia wapi? Ofisi nzima, mji mzima, nani mwenye uzoefu kama wangu? Neno hilo nimelilea kwa mikono yangu miaka minne, na sasa linakwenda kwa mtu anayelisikia mitaani tu!

Jumatatu nitafika kabla ya mfagizi. Nimeshaandika sentensi tatu. Zimenichukua dakika mbili.